Maneno ya Stesheni

Mimi ni mtafsiri wa muvi. Nasema hivyo bila kuinamisha kichwa, ingawa najua wako wanaocheka. Ukiingia banda la video lolote kuanzia Mtoni hadi mwisho wa Mbagala, ukamsikia jambazi wa Kichina anatukana kwa Kiswahili cha Barabara ya Kilwa, na mwanamke mmoja anakueleza kwa nini jambazi huyo amekasirika, yaelekea mwanamke huyo ni mimi. Wanaume wa kazi hii wamejaa tele. Wanawake tuko wachache, na kati ya hao wachache mimi ndiye bora. Sijisifu. Ulizia.

Nilianzia kwenye banda la shangazi yangu, Mbagala, enzi za deki na kanda. Wakati huo mtafsiri alikaa pembeni ya televisheni na maiki mkononi, akatafsiri papo hapo, watu wamebanana kwenye mabenchi, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Siku moja mtafsiri wa shangazi alikuja sauti imekauka kwa mafua. Banda limejaa, watu wameshaanza kupiga miluzi, shangazi akanisukumia maiki mimi niliyekuwa nauza karanga mlangoni. Nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha pili na mdomo unaotosha watu wawili. Nilipoelewa, nilitafsiri. Nilipokwama, nilitunga. Watu walicheka pale pa kuchekesha na wakasonya pale pa kusonya, na hakuna aliyejua lipi ni lipi.

Jioni ile shangazi alinipa sheria za kazi, na nimezishika mpaka leo. Steringi, yaani mhusika mkuu, apewe jina la mtaani, watu wamzoee. Sauti ikiwa mbovu, tunga. Mtu akigeuza mgongo, tunga. Wakianza kuimba usiwaachie nafasi, maana watazamaji watachoka; tumia muda huo kusalimia watu wa mtaa na kukumbusha yaliyopita. Na kubwa kuliko zote, mtafsiri hasemi "sijui". Mtafsiri akisema sijui, banda zima linamzomea na kesho yake benchi linabaki na shangazi peke yake.

Siku hizi nafanyia kazi nyumbani. Nina chumba nilichokiziba dirisha kwa blanketi, kompyuta, maiki nzuri na feni ambayo lazima niizime ninaporekodi, kwa hiyo kila muvi yangu imelowa jasho. Jogoo wa jirani hajawahi kuheshimu blanketi hilo. Amecheza muvi nyingi kuliko waigizaji wengi wa mjini, na wateja wangu wameshamzoea.

Huko ndiko alikonifuata mwenye duka moja la vipuri vya magari pale Mtoni. Ni Mhindi wa Kishia, Khoja, mzaliwa wa hapa hapa, na Kiswahili chake cha mjini kinanizidi hata mimi. Alisimama mlangoni akivua viatu, ingawa nilimwambia asivue.

"Sista, wewe ndo yule wa sauti?"

"Ndo mie, braza. Karibu."

"Nna muvi moja. Ya zamani sana, nyeusi na nyeupe. Wanaimba mwanzo mwisho. Utaiweza?"

Swali hilo huwa linaniudhi. Nikamwuliza itatazamwa na watu wa wapi, ili nijue niwapachike majina gani.

"Itatazamwa na mtu mmoja," akasema. "Mama yangu."

Akakaa, akanieleza. Mama yake aliiona sinema hiyo akiwa msichana mdogo, kabla ya uhuru, katika onyesho la wanawake watupu mjini. Hata wakati ule ilikuwa sinema kuukuu. Alikwenda na dada yake mkubwa. Wiki ile ile, dada akaondoka nyumbani na asirudi tena, wala hakumuaga mdogo wake. Mama alikuwa hajui hata jina la sinema. Alijua tu kwamba kuna mwanamke msanii anayezunguka mji kwa mji na kundi la maonyesho, ana sanduku lenye nyota ubavuni, na mwishoni yuko stesheni na mdogo wake, anapanda treni. Yeye mwanawe alikuwa ameihangaikia mtandaoni miezi na miezi kwa kuulizia hilo sanduku la nyota, mpaka akaipata.

"Mama anataka kitu kimoja tu," akasema. "Anataka kujua yule mwanamke anamwambiaje mdogo wake pale stesheni. Yaliyobaki yote ni ziada. Yeye Kiingereza hajui, na mie nimejaribu kusikiliza pale nimeshindwa."

"Hiyo umefika," nikamwambia. "Jumamosi naileta mwenyewe."

Nilikaa nayo siku nne. Nakiri kwamba mwanzoni niliidharau. Ilikuwa ya enzi zile sinema zimeanza tu kusema, na sauti yake inakwaruza kama mtu anakaanga dagaa chumba cha pili. Hadithi yenyewe nyepesi: mwanamke anaimba na kucheza jukwaani, analala nyumba za wageni, meneja anampenda kisha anamdhulumu, anarudi kwao, mdogo wake anamsihi abaki, naye hawezi kubaki. Ila niliona jambo ambalo mtu mwingine asingeliona. Kila walipotaka kuzungumza, watu hawa walisogea wote mezani kwenye chombo cha maua. Wakigombana, mauani. Wakiposana, mauani. Mimi ninayelala na maiki chumba kimoja nilijua mara moja kwamba maiki imefichwa humo kwenye maua, na kwamba aliyetoka mbali nayo hasikiki. Nilicheka peke yangu, nikawapenda.

Stesheni hakukuwa na maua.

Mwanamke amesimama na sanduku lake la nyota, mgongo umetugeukia. Mdogo wake anatutazama, analia. Mwanamke anasema neno, na hapo hapo treni inapiga honi, ndefu, inafunika kila kitu. Nilirudia mara kumi. Nilipunguza mwendo, nikaongeza sauti, nikavaa hedifoni. Honi tupu. Kitu pekee nilichoweza kukiona ni mkono wake wa kulia unaomsukuma mdogo mtu taratibu, kama unavyomfukuza mtoto anayekufuata dukani. Mwingine angempigia simu mteja akamwambia hapa hapasikiki. Mimi niliwasha maiki, nikaupa mkono ule maneno: "Rudi nyumbani, mdogo wangu. Usinisubiri." Nikatia na kwikwi kidogo. Nilipojisikiliza nilisisimka mwenyewe.

Jumamosi mchana nikapanda ngazi za nyumba yao, juu ya duka, mfuko wa kompyuta na maiki yangu begani, maana siendi popote bila hiyo maiki. Sebule ilikuwa safi, mapazia yamefungwa kwa ajili ya jua, bajia na chai tayari mezani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti kilichosogezwa mbele ya televisheni, mtu mdogo wa umbo, mtandio mweupe, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayesema watu wanasema nini?"

"Ndiye mimi."

"Kaa hapa karibu. Sisikii vizuri upande huu."

Mwanawe akaunganisha kompyuta yangu na televisheni, muvi ikaanza. Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Bibi alipoliona sanduku lenye nyota alimshika mwanawe mkono, akamwambia kitu kwa Kikachi, lugha yao ya nyumbani. Kisha msanii akapanda jukwaani, akaanza kuimba, na mimi kwenye spika nikafanya kama nilivyofundishwa na shangazi.

"Simamisha," bibi akasema.

Nikasimamisha.

"Huyu mama hapa anaimba?"

"Anaimba, bibi."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nasalimia wapenzi wa muvi wa Mbagala."

"Wamo humu ndani?"

"Hawamo."

"Basi waache huko huko Mbagala. Mwache mwenzio aimbe."

Mwanawe alicheka mpaka chai ikampalia. Mimi sikucheka. Hakuna aliyewahi kunisimamisha kazini, na nilijisikia uso unapata moto. Lakini ni bibi, ningefanyaje? Kwenye kompyuta sauti yangu iko njia yake na sauti ya muvi iko njia yake, kwa hiyo kila wimbo ulipoanza nilizima yangu, nikakaa kimya kama mtu aliyealikwa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikiliza wimbo wa muvi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanamke yule alikuwa anaimba vizuri bwana. Sauti nyembamba, imekwaruzwa na umri wa ule mkanda, lakini haitetereki. Nilifikiria nyimbo zote nilizowahi kuzifunika kwa salamu zangu, nikanywa chai haraka haraka.

Ikafika stesheni. Bibi alisogea mbele mpaka ukingoni mwa kiti. Msanii akageuza mgongo, mkono ukasukuma, na sauti yangu ikatoka juu ya honi, laini, na ile kwikwi: "Rudi nyumbani, mdogo wangu. Usinisubiri." Nilimwona mwanawe anafuta jicho. Nikajua nimepatia.

Bibi hakulia. Alinigeukia.

"Na kitanda?"

"Kitanda, bibi?"

"Hakusema habari ya kitanda? Kwamba mdogo mtu achukue kitanda chake?"

Sasa mtu asiyeijua kazi yetu hataelewa nilichokifanya hapo. Mbele yangu kuna mtu mzima, mteja, ameinama ananisubiri, macho yanawaka. Miaka yote nimefundishwa kwamba mtazamaji akitaka kitu kiwemo, basi kimo. Nilidhani bibi anakitaka kile kitanda. Mdomo ulijibu wenyewe.

"Alisema, bibi. Nilikata tu, ile honi ilikuwa inanibana."

"Alisema kitanda?"

"Alisema. Kitanda changu chukua wewe."

Bibi akarudi nyuma, akaegemea. Alishika upindo wa mtandio wake akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Yale macho makali yalikuwa yamezimika. Mwanawe akapunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa.

"Nimekosea, bibi?" nikauliza.

"Hujakosea. Nimeuliza, umenijibu." Akaitazama televisheni. "Dada yangu alisoma, mie sikusoma. Siku ile sinema nzima nilikuwa namsumbua, amesema nini, amesema nini, mpaka watu wa nyuma wakatukemea. Pale stesheni nikamwuliza. Hakunijibu upesi. Halafu akaniambia, anasema rudi nyumbani, usinisubiri, kitanda changu cha dirishani chukua wewe. Nikacheka. Nikasema kumbe hata Wazungu wanagombania kitanda cha dirishani kama sisi. Maana sisi tulikuwa chumba kimoja, yeye kitanda chake kilikuwa dirishani penye upepo, mimi ukutani kwenye joto, na kila siku nakililia."

"Siku ya tatu yake," akaendelea, "akaondoka na mtu ambaye baba hakumtaka. Asubuhi kitanda kitupu. Nikahamia palepale, siku ile ile, na mama akanichapa kwa hilo. Baba alikataza asitajwe. Amefia huko huko mbali. Na mimi nimemnunia dada yangu maisha yangu yote, nikisema alimuaga hata muuza maziwa, mimi hakuniaga."

Akamtazama mwanawe.

"Ila sasa uzeeni nimeanza kuwaza. Kitanda cha dirishani, Wazungu wamekipata wapi? Nikasema labda si sinema iliyosema. Labda ni yeye. Ndiyo nikamsumbua huyu mtoto anitafutie. Sasa wewe umesikia na umesema ni sinema. Basi. Yamekwisha. Kunywa chai, mwanangu."

Nilikuwa nimeshika bajia. Niliirudisha kwenye sahani. Nilijisikia vibaya, vibaya kwelikweli, vibaya hadi kutaka kulia mbele za watu. Na bado, nisidanganye, sehemu yangu moja ilikuwa inapiga hesabu zake: ukinyamaza, hakuna atakayejua. Mwenye duka atakusifia Mtoni nzima. Ukisema, umejivua nguo mbele ya mteja, wewe bora wa Barabara ya Kilwa, unayetunga maneno ya watu na kuyaapia. Mwanamke mzee huyo ameshakaa na jibu lake, atalizoea. Niliwaza hayo yote kwa muda wa kumeza mate. Halafu nikamtazama anavyoukunja ule mtandio.

"Bibi, nimekudanganya."

Mwanawe akainua kichwa.

"Hakuna kitanda. Sijasikia kitanda. Sijasikia chochote pale, honi imefunika. Hata hiyo usinisubiri nimeitunga mimi, kwa kuutazama mkono wake tu. Ulipouliza kitanda nikaona unakitaka, nikakupa."

Nilifikiri hajanisikia, nikahamia upande wa sikio lake zima, nikarudia lote, neno kwa neno, na mara ya pili iliniuma zaidi. Kisha nikaivuta kompyuta, nikaizima njia ya sauti yangu, nikairudisha stesheni ilivyo.

Mwanamke akageuza mgongo. Mkono ukasukuma. Honi.

"Tena," bibi akasema.

Honi.

"Tena."

Mara ya tatu alifumba macho na kuelekeza sikio. Honi ilipokwisha, treni ilikuwa imeshaanza kuondoka.

Nikamweleza habari ya maua. Nilimrudisha mwanzo, nikamwonyesha wanavyojazana mezani, kila mwenye la kusema anakiinamia chombo kana kwamba maua ndiyo yaliyomwita. Mwanawe akaanza kucheka kwa mshangao, akasema hajawahi kuona. Nikaipeleka tena stesheni, nikaisimamisha, nikamwambia bibi kwamba hapa hakuna maua, kwa hiyo maiki ilikuwa mbali, na honi ikamalizia. Hayo maneno hayamo kwenye mkanda wenyewe. Hata angekuwepo Mwingereza ukumbini siku ile, asingeyasikia.

"Kwa hiyo dada naye hakusikia."

"Hakusikia, bibi. Hakuna aliyesikia."

"Nikamwuliza amesema nini, akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Halafu akasema kitanda."

"Akasema kitanda."

Bibi aliitazama televisheni, ambako msanii alikuwa amesimama na sanduku lake, hajapanda bado, kwa sababu nilikuwa nimemsimamisha pale.

"Kumbe aliniaga," akasema.

Akalia. Hakujificha, alilia waziwazi kama mtoto, mwanawe amepiga magoti mbele yake amemshika mikono, wanasemezana Kikachi chao. Na mimi nililia, sina sababu ya kuficha. Alipotulia akajifuta kwa mtandio, akanipiga kofi la gotini, tena kwa nguvu.

"Na wewe ulitaka kuninyang'anya!"

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Lakini usirudie. Mtu akikuuliza, na hujui, useme hujui."

"Nimesikia, bibi."

Tukala bajia zilizokuwa zimepoa. Nikamwambia nitaifuta ile sauti yangu ya stesheni, pabaki na honi kama palivyo. Alitafuna kwanza, akafikiri.

"Usiache honi tupu," akasema. "Weka maneno yake. Ya dada."

"Nani atayasema?"

"Si una maiki humo kwenye mfuko?"

Mwanawe alishuka mbio dukani kuwaambia wazime mashine ya kusaga vyuma, akarudi akafunga madirisha, maana magari ya Barabara ya Kilwa nayo yana honi zake. Nikaiweka maiki juu ya meza, karibu na kinywa chake. Nilitaka kumfundisha asubiri mkono usukume ndipo aseme, akaniambia anaujua ule mkono kabla sijazaliwa. Nikabonyeza.

Alisema kwa Kikachi. Sikutarajia, ingawa nilipaswa kutarajia, kwani ndugu wawili ukumbini wangesemezana kwa lugha gani nyingine? Alisema taratibu, mara moja, bila kwikwi. Sikuelewa hata neno, na kila kitu nilikielewa. Sikuhitaji kurudia.

Nikaishusha honi mpaka ikabaki ya mbali, kama treni iliyoko upande wa pili wa mji, nikayapandisha maneno juu yake. Nikamwuliza kama niyatie Kiswahili, kwa watu wengine watakaotazama. Akatikisa kichwa kukataa. Kisha tukairudisha wote watatu tangu mwanzo wa stesheni: msanii wa Kizungu wa zamani, amesimama na sanduku la nyota, anamsukuma mdogo wake arudi nyumbani, na kutoka mgongoni kwake inatoka sauti ya bibi wa Mtoni.

Bibi alikuwa ameinama, lile sikio zima limeelekea spika.

"Yanasikika?" akaniuliza. "Honi haijayafunika?"

"Yanasikika, bibi," nikamwambia. "Haijayafunika."